Mzee Marwa Alivyobishana na Spika Yangu

Vijana, mkitaka kazi ya spika, anzeni na waya. Msianze na spika. Najua mnacheka. Mmekuja hapa kwangu Bomani na maiki zenu zisizo na waya, taa za bluu zinawaka, mnaniambia, "Mzee Matiko, siku hizi mambo ni kuchaji tu." Sawa. Lakini Jumapili iliyopita maiki yenu ilizima kanisani katikati ya tangazo la ndoa, na mpaka leo nusu ya waumini hawajui bwana harusi ni nani. Waya haukufanyii hivyo. Ukiukunja vizuri jioni, asubuhi utakuitikia.

Mimi ndiye yule mliyekuwa mkimkimbilia utotoni, mwenye pikapu ya kijivu na spika mbili za honi juu yake, moja inaangalia mbele, nyingine inaangalia nyuma. "Tangazo, tangazo, wananchi wote mnaombwa..." Nimetangaza misiba, chanjo, mikutano ya injili, ng'ombe waliopotea na wanasiasa wa kila rangi, kuanzia Sirari mpaka Natta. Nimestaafu kwa sababu masikio yangu yalistaafu kwanza. Kwa hiyo nikipaza sauti msidhani nina hasira, ninashukuru tu, na mtu asiyesikia vizuri hushukuru kwa kelele.

Wa kwanza kumshukuru ni Fundi Ochieng. Alikuwa Mjaluo wa upande wa pili wa mpaka, alikuja Tarime kutengeneza redio akaoa akabaki. Kiswahili chake kilikuwa cha kwao, na sisi Wakurya tulimcheka, naye alitucheka zaidi. Siku ya kwanza aliniambia, "Wewe Matiko, sikia. Hii kazi si ya kupiga kelele. Kelele hata punda iko nayo. Hii kazi ni ya kupeleka maneno ya mtu mahali yeye mwenyewe hawezi fika." Nilidhani anaongea tu, kama mafundi wanavyoongea wakisubiri chuma cha kuchomelea kipate moto. Akanipa kazi ya kukunja waya, na kwa muda mrefu sikupewa kazi nyingine.

Ochieng alikuwa hajaribu maiki kwa "moja, mbili, moja, mbili" kama ninyi. Alikuwa anauliza majina ya akina mama watatu wa kijiji, halafu anawasalimia kwenye spika. "Mama Wankuru, shikamoo! Umeamkaje na mguu?" Basi, Mama Wankuru anatoka, jirani zake wanatoka kuona kwa nini katajwa, na mkutano umejaa kabla mheshimiwa hajashuka kwenye gari. Jaribuni. Haihitaji chaji.

Natta nako nilijifunza upepo. Mchana upepo wa kule unatoka mbugani moja kwa moja, na honi usipoielekeza unakoenda upepo, unahutubia swala. Siku hiyo mheshimiwa mmoja, chama simtaji, alikataa ushauri. Akataka honi iangalie upande wa watu wengi. Nyuma ya watu kulikuwa na zizi. Bwana we! Alipopaza sauti ya kwanza tu, "Ndugu wananchiii," ng'ombe wakavunja zizi. Wananchi wote wakainuka kukimbiza mali zao, na ningekuwa mimi mwenye ng'ombe ningekimbia pia. Mheshimiwa akabaki ananihutubia mimi na amplifaya. Akamaliza hotuba yote, maana alikuwa ameikariri. Nikampigia makofi.

Na vyama, vijana, hapo ndipo mtakapoumia. Asubuhi nilikuwa nafunga spika kwa hawa, jioni kwa wale. Kila mmoja alinipa kofia yake. Ochieng aliniambia, "Kofia pokea, sema asante, kichwani usiweke." Zote nilimpelekea mama yangu, akafunikia vyungu vya mbegu. Ukiingia kwa mama unakuta ukutani vyama vyote vimekaa kwa amani, kila kimoja kinalinda maharage. Kwa sababu hiyo watu waliniamini. Walijua Matiko hatamzimia mtu maiki.

Sasa nasikia maneno ya katiba yameanza tena. Nimewasikia wenyewe mkibishana pale stendi, tutume watu, tusitume, kuna faida gani. Mwenzenu mmoja akasema wazee wa zamani walikwenda wakarudi mikono mitupu. Moyoni nilisema, ngoja nipate nafasi. Nafasi ni hii.

Ilikuwa miaka ile ya rasimu. Kila kijiji kilitakiwa kikutane kichague wajumbe wa kwenda kwenye baraza la katiba: mzee mmoja, mwanamke mmoja, kijana mmoja na mtu mwingine yeyote. Mimi nikaitwa kufunga spika kijiji kimoja upande wa Nyamongo, mbele kidogo ya Kerende. Mkutano ulikuwa uwanja wa mpira wa shule. Nguzo sina, nikafunga honi kwenye goli.

Mwenyekiti wa kijiji alidhani kazi ni kuchagua majina tu. Kumbe swali lenyewe lilikuwa bado: tutume au tusitume? Uwanja uligawanyika vibaya. Nimeona mikutano mingi ya Wakurya, na ninajua sauti ya mkutano unaotaka kuvunjika. Watu wanaacha kupiga kelele, wanaanza kutafuta fimbo zao.

Aliyeongoza upande wa kutotuma alikuwa Mzee Marwa. Mzee mrefu, mkavu, mwenye koti la suti na mwavuli mweusi alioutumia kama bakora. Alishika maiki kama mtu aliyezaliwa nayo. Akasema, "Tumetuma watu mara ngapi? Waliulizwa habari za ardhi, wakasema. Waliulizwa habari za maji, wakasema. Wakarudi na mifuko ya begani ya semina, basi. Sasa mnataka tutume tena. Mimi nawaambia, ukituma mtu umekubali. Wakiandika wanavyotaka, kesho watawaambia, mbona na ninyi mlikuwepo? Tusipokuwepo, angalau mikono yetu ni safi." Akakaa. Uwanja ukanguruma. Nami nikawaza, huyu mzee ana hoja. Hata leo naona alikuwa na hoja.

Waliotaka kutuma walikuwa na msemaji mmoja tu wa kumjibu, na huyo alikuwa hawezi kusimama. Jina lake Ghati. Alikuwa mjane wa mtoto wa kwanza wa Mzee Marwa. Mkamwana wake.

Ninyi mliozaliwa mjini labda mnaona ajabu, lakini nyumbani mnajua. Baba mkwe hampi mkamwana mkono. Haingii nyumbani kwake. Na mkamwana hasimami mbele ya baba mkwe akapaza sauti, sembuse kumpinga kijiji kizima kikisikiliza. Si uadui huo, ni heshima, na ukiivunja inaleta mambo ya wazee wa mila na kuchinja, na jina lako halioshwi upesi. Ghati alikuwa na sababu yake ya kuogopa zaidi ya wengine. Alizaa mabinti watupu. Shemeji zake walikuwa wanalitazama shamba lake kama fisi anavyotazama mbuzi kilema, na aliyewazuia ni Mzee Marwa peke yake. Akimwaibisha mzee, atasimama na nani? Na akinyamaza, nani atakwenda kusema kwamba mwanamke naye ardhi ni yake? Wanawake wengine walikuwa wameshakataa kwenda. Walisema, "Kama si Ghati, basi."

Nilimwona amekaa nyuma kabisa, mgongo umeelekea uwanjani, mtandio umefunika uso. Alikuwa analia bila sauti. Niliumia, nawaambia ukweli. Mwenyekiti akamnong'oneza Mzee Marwa, je, anaweza kusogea kidogo, aende nyumbani akanywe uji? Mzee akasema, "Nikitoka mimi, wote hawa wanatoka." Hakutishia, alisema kweli. Angetoka, mkutano ungekwisha, na kijiji kisingetuma mtu.

Hapo ndipo nikamkumbuka Ochieng. Maneno ya mtu mahali yeye mwenyewe hawezi fika. Nikaenda kwenye pikapu nikatoa waya wangu wote. Nikauunganisha, nikauvuta kutoka kwenye goli, nikapita nao pembeni ya uwanja mpaka darasani, nikaupitisha dirishani. Watu wakaniuliza, "Matiko, kulikoni? Unatega samaki?" Nikawaambia subirini.

Nikamwendea mwenyekiti. Nikamwambia, maiki iko darasani, mwenye neno aingie huko aseme, hatuhitaji kumwona. Mwenyekiti akatoa macho. Akaogopa kumwuliza mzee. Aliyemwuliza ni Bibi Robi, rika lake Mzee Marwa, walitaniana tangu wakiwa wachunga ndama. Akasimama na kiko chake akasema, "Marwa, nikuulize. Ile honi pale golini ikikwambia neno, utakuwa umeambiwa na nani?"

Mzee Marwa akaitazama honi. Akaitazama tena. Akagonga ardhi mara moja kwa mwavuli. Akasema polepole, "Mimi ile honi sikuitolea mahari."

Ebo! Watu walicheka mpaka mwenyekiti akakaa chini. Bibi Robi akapiga kigelegele. Na nilipogeuka, Ghati alikuwa ameshaondoka pale nyuma, anapita pembeni ya uwanja ameinama, anaingia darasani.

Sauti yake ikatokea golini. Akasema, "Shikamooni wazee wetu." Mzee Marwa akaitikia, "Marahaba, spika." Akasogeza kiti chake akakielekeza kwenye goli.

Spika ikasema, "Mzee mmoja amesema tukituma tumekubali. Namheshimu sana. Ila nauliza, tusipotuma, hawataandika?"

"Wataandika," Mzee Marwa akaiambia honi.

"Basi wataandika tukiwepo na wataandika tusipokuwepo. Wahenga wamesema, asiyekuwepo na lake halipo. Mtu wetu akienda akarudi na mfuko wa begani tu, tunamwita hapa golini tunamwuliza. Tusipotuma mtu, tutamwuliza nani?"

"Spika," mzee akasema, na sasa alikuwa amesimama, ananyoosha mwavuli, "ukifika huko ukapewa kiti laini na soda baridi, utakumbuka huku?"

Honi ikakwaruza. Nikadhani waya umekatika. Halafu ikasema, "Mimi nina shamba la mihogo ambalo sijui kama kesho nitaamka ni langu. Kiti gani laini kitanisahaulisha hilo?"

Sikuona mtu akicheka tena. Wale shemeji zake walikuwa wamekaa upande wa kushoto, wakaanza kuangalia viatu. Mzee Marwa alibaki amesimama. Wakaendelea kubishana, yeye na spika yangu, mpaka kivuli cha goli kikafika katikati ya uwanja. Akiuliza habari za mgodi wa dhahabu wa pale jirani, inajibu. Akiuliza habari za wazee kutosikilizwa, inajibu kwa adabu. Mara moja ilimwambia, "Hapo, mzee, umenishinda." Akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa ugoro mzuri.

Mwenyekiti akapigisha kura kwa magoli. Wanaotaka tutume waende goli la mashariki, wasiotaka goli la magharibi. Wengi wakaenda mashariki. Mzee Marwa akatembea taratibu na mwavuli wake mpaka magharibi, akasimama kule na wachache waliobaki naye. Kisha akaomba maiki. Nikakimbia kuirudisha. Akasema, "Mimi bado sikubali. Mniandike kwamba sikubali. Lakini kama mnatuma, tumeni ile spika."

Hivyo ndivyo Ghati alivyochaguliwa.

Vijana, nimefunga spika kwa watu wakubwa, na nimepigiwa saluti kimakosa. Sijawahi kufurahia kazi kama nilivyoifurahia siku ile nikikunja ule waya uwanjani. Nilikuwa naukunja huku namwambia Ochieng asante, naye alikuwa kaburini kwao ng'ambo ya mpaka. Watu walidhani naimba.

Baraza lenyewe lilikaa hapa mjini, ukumbini. Spika ni zangu tena. Jana yake Mzee Marwa alikuja kwangu. Alizungumza habari za mvua, akazungumza habari za bei ya ng'ombe, akanywa chai yote. Alipofika mlangoni ndipo akasema, "Hizo honi, unaziweka ndani tu?" Nikamwambia, mzee, moja ikikaa nje dirishani haina ubaya. Akasema, "Siyo kwa ajili yangu." Nikasema, "Najua, mzee, ni kwa ajili ya wapita njia."

Asubuhi yake alikuwa nje ya ukumbi mapema kuliko wajumbe. Ndani asingeweza kukaa, mkamwana wake anasimama kusema. Nikafunga honi kwenye nondo za dirisha, akavuta jiwe akakaa. Zamu ya Ghati ilipofika, mvua ya Tarime ikaja, mnaijua, haibishi hodi. Nikatoka mbio kufungua honi, maana maji yakiingia kwenye ile ya zamani inakufa. Nikamkuta Mzee Marwa amesimama ameukunjua mwavuli wake, ameunyoosha juu mkono wote, ameifunika honi. Yeye mwenyewe yuko kwenye mvua, koti la suti limeshikana na mwili.

Nikamwambia, "Mzee, unalowa!"

Akasema, "Nyamaza wewe, nisikie."

Nikasimama kando yake. Tukasikiliza wote wawili, mpaka Ghati akamaliza la shamba, na la mabinti, na lile la wazee kutosikilizwa, ambalo halikuwa lake. Lilikuwa la Mzee Marwa, alilouliza kule uwanjani. Ghati alilibeba mpaka kule akalisema kwa heshima, akasema ametumwa. Mzee aligeuza uso akaangalia barabarani. Kwenye mvua huwezi kujua uso umelowa na nini.

Najua mtakachoniuliza. Mbona katiba yenyewe haikupatikana? Ni kweli. Maneno yalikwenda yakakaa mahali, wakubwa wakagombana, ikaishia hapo. Ghati aliporudi aliitwa golini kama alivyoahidi, akaulizwa, akajibu. Wengine walimcheka. Walisema Marwa alikuwa sahihi. Mzee mwenyewe sikumsikia akisema hivyo.

Ila mwaka uliofuata, kabla hajaanza kuugua, alinitumia ujumbe niende na spika. Nikauliza, ni msiba? Hapana. Harusi? Hapana. Nikafika nikakuta watu wa ukoo tu wamekaa uani, wachache kiasi kwamba angekohoa wote wangesikia. Watoto wake wa kiume wote walikuwepo. Nikamwambia, mzee, hapa spika ya nini? Akanionyesha kwa mwavuli nyumba ya Ghati, ng'ambo ya zizi, mlango umefungwa nusu. Akasema, "Honi iangalie kule."

Nikaifunga inaangalia kule. Upepo ulikuwa mzuri, nao ulikuwa unaelekea hukohuko. Akashika maiki akaongea kwa Kikurya, nami nawawekea kwa Kiswahili. Akasema, "Spika, siku ile uliniuliza kuhusu shamba la mihogo, nami sikukujibu. Leo nakujibu. Kamwambie mama wa nyumba ile kwamba shamba lake, kuanzia kwenye mkonge mpaka kijitoni, ni lake na mabinti zake. Wanangu hawa wamesikia. Ukoo umesikia. Nikifa, mtu akibisha, waulizeni majirani, maana nimesema kwa spika."

Akashusha maiki magotini, akasahau kuzima. Nami sikuizima. Kutoka nyumba ile kikaja kigelegele, kimoja, kirefu, cha mtu ambaye hakuwahi kupaza sauti mbele ya baba mkwe wake. Maiki ikakidaka, honi ikakipeleka kijiji kizima, na Mzee Marwa akakaa palepale anakisikiliza.